Fumbo, Vidonge au Viatu: Kuchagua Namna ya Kuutunza Ubongo Umri Ukisogea

Unaingia chumbani, unasimama katikati, na hujui ulichokifuata. Ukiwa na miaka 25 unacheka na kurudi ulikotoka. Ukiwa na miaka 58 hucheki. Jioni hiyohiyo unaanza kutafuta dawa ya kumbukumbu, na kabla hujalala umeshaona mchezo wa simu unaonoa akili, vidonge vya majani ya mti wa kale, kitabu cha mafumbo na mafuta ya samaki. Kila kimoja kinaapa kuwa ndicho.

Hapa nimeyapanga yale yanayotajwa sana, moja mkabala na jingine, kwa sababu muda wa mtu mzima haugawanyiki mara kumi. Niseme mapema ninakoegemea ili usome ukijua. Watu wengi huweka nguvu zao kwenye kile kinachofanana na kazi ya akili, ilhali mengi yanayoamua hatima ya ubongo yako chini ya shingo. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake, na nishati hiyo yote huletwa na damu. Mishipa ikichakaa, hakuna fumbo litakalokuja kuizibia.

Kuzeeka ni kimoja, kuugua ni kingine

Umri ukienda, kasi ya kufikiri hupungua na jina la mtu huchelewa kuja mdomoni. Hilo ni la kawaida kama mvi. Wakati huohuo msamiati na maarifa ya jumla huendelea kuongezeka kwa wengi hadi miaka ya sitini na zaidi. Ndiyo maana mzee anaweza kushindwa na mjukuu kwenye mchezo wa kubonyeza haraka, kisha akamfunga vibaya kwenye mchezo wa maneno.

Demensia si hiyo. Demensia ni hali ya ugonjwa inayomnyang'anya mtu uwezo wa kuendesha maisha yake ya kila siku, na Alzheimer ndiyo aina inayoongoza, ikichangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Mwaka 2024 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya visa vya demensia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mambo yenyewe ni elimu ndogo, kusikia vibaya, kolesteroli mbaya kuwa juu, sonona, majeraha ya kichwa, kutofanya mazoezi, kisukari, sigara, presha, unene uliopitiliza, pombe nyingi, upweke, hewa chafu, na macho yaliyofifia bila kutibiwa. Isome tena orodha hiyo polepole. Zaidi ya nusu yake unaweza kuizungumza na mhudumu wa zahanati ya kawaida kabisa, bila kugusa neno "akili".

Hiyo asilimia 45 ni hesabu ya umma, si ahadi kwako binafsi. Urithi na umri bado vina kauli yake, na wapo waliofanya kila kitu sawasawa wakaugua.

Katika kulinganisha nimeuliza maswali matatu. Je, njia hii imejaribiwa kwa kuwagawa watu kwa kura, kundi moja likapewa na jingine lisipewe? Bila kura huwezi kujua kama mafumbo yanalinda akili, au ni wenye akili nzima ndio wanaopenda mafumbo. Je, faida inatoka nje ya zoezi lenyewe na kuingia maishani? Na je, mtu wa kawaida ataendelea nayo baada ya mwaka wa pili? Swali hili la mwisho huwa watu wanalidharau, nami nalipa uzito kuliko yote.

Mafumbo na michezo ya simu, au kujifunza kitu usichokijua?

Tuanze na mafumbo, kwa kuwa ndiyo kipenzi cha wengi. Jaribio kubwa linalojulikana upande huu linaitwa ACTIVE, lililofanyika Marekani kwa watu 2,802 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Waligawanywa: wengine wakafunzwa mbinu za kukumbuka, wengine mbinu za kufikiri na kung'amua mpangilio, wengine kasi ya kuona na kuamua, na kundi la nne halikupewa kitu. Mafunzo ya msingi yalikuwa ya vikao kumi tu, na baadhi yao wakaongezewa vichache baadaye. Miaka kumi baadaye, waliofunzwa kufikiri na waliofunzwa kasi walikuwa bado mbele ya wenzao katika kile walichofunzwa. Kundi la kumbukumbu faida yao ilikuwa imeyeyuka.

Zingatia maneno "katika kile walichofunzwa". Hapo ndipo penye shida ya michezo ya akili. Ukicheza sudoku kila siku utakuwa hodari wa sudoku, na pengine ukaishia hapo, funguo za nyumba ukaendelea kuzitafuta. Mwaka 2016 kampuni iliyotengeneza mchezo maarufu wa Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya tume ya biashara ya Marekani, iliyosema kwamba matangazo yake yaliahidi kinga dhidi ya kuporomoka kwa akili bila ushahidi wa kutosha. Mchezo wenyewe haukuwa sumu. Ahadi ndiyo iliyozidi.

Sasa weka upande wa pili kujifunza fani mpya. Mtafiti Denise Park na wenzake huko Dallas waliwachukua watu 221 wenye umri kati ya miaka 60 na 90. Baadhi yao walifundishwa upigaji picha wa kidijitali na kuzisafisha kwa kompyuta, wengine kushona mafarishi ya vitambaa vya kuungaunga, wengine vyote viwili. Kundi jingine lilikutana kwa mazungumzo na matembezi tu, bila somo gumu, na jingine likabaki nyumbani na shughuli nyepesi kama kusikiliza muziki na kufumbua mafumbo ya maneno. Walikuwa wakifanya hivyo kwa zaidi ya saa 15 kila wiki, kwa miezi mitatu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kumbukumbu imeboreka zaidi kwa waliojifunza, hasa wale wa upigaji picha. Waliokaa na mafumbo yao nyumbani hawakupata hilo.

Tofauti iko wapi? Fumbo ukishalizoea halikudai tena. Kamera usiyoijua inakudai kila siku: unashika masharti mapya, unakosea, unauliza, unarudi kesho. Kuna mfano mwingine unaopendwa na wanasayansi, wa madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa ndipo wapewe leseni. Eleanor Maguire alionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kile kijisehemu cha ubongo kinachoshughulikia kumbukumbu na kujua njia, ilikuwa kubwa kwao kuliko kwa watu wengine. Baadaye yeye na mwenzake waliwafuatilia wanafunzi wa udereva huo tangu mwanzo wa masomo, na ukuaji ukaonekana kwa waliofuzu, si kwa walioshindwa.

Uamuzi wangu hapa ni mwepesi. Kama unayapenda mafumbo, yafanye kwa kuyapenda, kama mtu anavyokunywa chai. Kama unayafanya kwa kujilazimisha ukidhani ni dawa, muda huohuo upeleke kwenye lugha mpya, ala ya muziki, ushonaji, hesabu za vitabu vya biashara, chochote kitakachokufanya uonekane mjinga kwa miezi miwili ya mwanzo. Ule ujinga ndio zoezi.

Kutembea, au kunyanyua vitu vizito?

Hapa mashindano ni ya ndugu wawili, na wote wawili wazuri.

Kutembea kuna jaribio ambalo halichoshi kulisimulia. Mwaka 2011 Kirk Erickson na wenzake walichapisha matokeo ya wazee 120. Nusu walitembea kwa kasi, wakianza na dakika chache na kufika dakika 40, siku tatu kwa wiki, mwaka mzima. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi ya watembeaji ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 2, ile ya wanyoosha viungo imesinyaa kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, kama inavyotarajiwa umri ule. Nyama ya ubongo kuongezeka uzeeni kwa kutembea! Kwa haki, wanyoosha viungo nao walipata nafuu katika mtihani wa kumbukumbu, kwa hiyo picha ya ubongo na matokeo ya mtihani havikwenda sambamba kama vichwa vya habari vilivyopiga kelele.

Upande wa uzito, jaribio lililofanyika Sydney liliwachukua watu 100 wenye miaka 55 na zaidi ambao tayari kumbukumbu zao zilishaanza kuyumba. Walionyanyua vyuma kwa bidii, siku mbili au tatu kwa wiki kwa miezi sita, waliboreka kiakili. Waliopewa mazoezi ya akili ya kompyuta hawakupata mwinuko wa namna hiyo. Kundi dogo, ndiyo, lakini linatosha kumwondolea mtu dhana kwamba vyuma ni vya vijana wenye vioo.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kwa waliovuka miaka 65 linaongeza mazoezi ya mizani siku tatu. Hilo la mizani watu hulipita bila kuliona, na lina uhusiano wa moja kwa moja na mada yetu: mzee akianguka hugonga kichwa, na jeraha la kichwa limo kwenye ile orodha ya mambo 14. Kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki ni kinga ya ubongo.

Basi kipi? Anayeanza kutoka sifuri aanze na kutembea, kwa sababu viatu anavyo. Aliyekwisha kuzoea kutembea na amefika miaka 60, faida kubwa inayofuata iko kwenye nguvu: kuchuchumaa na kusimama, kupanda ngazi, kubeba. Mwenye magoti mabovu aogelee, au aendeshe baiskeli isiyotembea. Na mpenda muziki acheze dansi. Utafiti mmoja wa wazee wa Bronx, New York, uliotoka mwaka 2003, uliona katika michezo yote ya mwili kwamba dansi ndiyo pekee iliyohusishwa na hatari ndogo ya demensia. Haukuwa wa kura, kwa hiyo usiuapie, lakini fikiri dansi inataka nini: miguu, hatua za kukariri, mwenzako wa kumfuatisha na sikio la muziki, vyote kwa mpigo.

Vidonge, au sahani?

Kwenye vidonge nitakuwa mfupi maana ushahidi nao ni mfupi. Ginkgo biloba, ule mti wa kale, ulijaribiwa kwa watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, wakimeza miligramu 120 mara mbili kwa siku, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka sita. Matokeo ya mwaka 2008: demensia haikupungua hata kidogo ukilinganisha na waliomeza kidonge bandia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unakataa kupendekeza vitamini B, vitamini E, mafuta ya omega na mchanganyiko wa virutubisho kama kinga ya demensia.

Kuna kijinafasi kimoja. Mfululizo wa majaribio ya COSMOS nchini Marekani uliona kwamba kidonge cha kawaida cha vitamini mchanganyiko, kikimezwa kila siku, kiliwapa wazee nafuu ndogo katika vipimo vya kumbukumbu, ilhali dondoo la kakao lililojaribiwa pamoja nacho halikusaidia kwa ujumla. Nafuu hiyo ni ndogo, na hakuna aliyeonyesha kwamba inazuia demensia. Asiyetaka kumeza hajapoteza kitu kikubwa.

Isipokuwa B12. Mtu mwenye upungufu halisi wa B12 anaweza kusahau, kuchanganyikiwa na kuhisi ganzi miguuni, na akitibiwa mapema hupata nafuu. Walio hatarini zaidi ni wazee ambao tumbo lao haliifyonzi vizuri, wasiokula kabisa vyakula vya wanyama, wanaotumia metformin ya kisukari kwa miaka mingi, na waliozoea dawa za kupunguza asidi tumboni. Huyu apimwe damu kwanza, asijinunulie kwa kubahatisha.

Sahani nayo isipewe sifa za bure. Mlo unaoitwa MIND, wenye mboga za majani, matunda jamii ya beri, maharagwe, karanga na jamii zake, samaki na mafuta ya zeituni, ulipendwa sana baada ya tafiti za kufuatilia watu kuonyesha wanaoula wana akili kali zaidi. Ulipojaribiwa kwa kura, watu 604 kwa miaka mitatu, matokeo ya mwaka 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana kati yao na kundi jingine. Lakini lile kundi jingine nalo liliambiwa lipunguze chakula kidogo, na makundi yote mawili yalipungua uzito na kuboreka. Ninavyoielewa mimi, mlo hauna kitoweo cha siri kinachokwenda moja kwa moja kichwani. Unafanya kazi yake kwa kushusha presha, sukari, kolesteroli na kitambi, na ukifika huko umeshausaidia ubongo. Kwa hiyo kati ya kidonge na sahani, sahani. Usiulize tu ni chakula gani cha ubongo, uliza kipi kinaipunguzia mishipa yako mzigo.

Kipima presha na masikio, wagombea wasio na matangazo

Ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja kwa mtu wa miaka 45, ningechagua mkanda wa kupimia presha. Hauna mvuto. Hakuna anayejisifu kwa marafiki kwamba leo kapima. Lakini presha ya juu katika miaka ya kati, kati ya 40 na 65, huiumiza mishipa midogo ya ubongo kimyakimya kwa miongo miwili kabla mtu hajasahau jina la kwanza.

Ushahidi wake ni wa kura, tena mkubwa. Jaribio la SPRINT MIND liliwahusisha watu 9,361 wenye miaka 50 na zaidi, wenye presha. Nusu walitibiwa hadi namba ya juu ishuke chini ya 120, nusu chini ya 140 kama ilivyozoeleka. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba upungufu wa awali wa kumbukumbu, ule unaoitangulia demensia, ulikuwa mdogo kwa asilimia 19 katika kundi la 120. Kwa demensia yenyewe tofauti ilielekea upande uleule lakini haikufikia kiwango cha kusema si bahati, pengine kwa kuwa tiba ilisitishwa mapema baada ya faida kwa moyo kuonekana wazi. Tafuta kidonge cha kumbukumbu chenye ushahidi kama huu, hukipati. Onyo langu ni moja: kuishusha sana kwa mtu dhaifu kunaweza kumletea kizunguzungu na kumwangusha, kwa hiyo namba ya kulenga ipangwe na daktari, si kwa kunakili makala.

Masikio nayo. Katika hesabu ya Lancet, kusikia vibaya na kolesteroli mbaya ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa kuliko vyote, takriban asilimia 7 kila kimoja. Mtu asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi za akili kukamata neno, hazibaki za kulihifadhi. Kisha anachoka, anaacha kwenda penye watu, na upweke unaingia. Nina shangazi ambaye kifaa chake cha kusaidia kusikia kililala kwenye droo miaka miwili, "kinapiga kelele," akisema. Siku kiliporekebishwa sauti na fundi wake ndipo tukagundua kwamba kumbe hasahau tunayomwambia, alikuwa hayasikii.

Jaribio la ACHIEVE, watu 977 wenye miaka 70 hadi 84, lilifuatilia kwa miaka mitatu kama vifaa hivyo vinapunguza kasi ya kuporomoka kwa akili. Kwa ujumla wa wote, hapana. Lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, waliotoka kwenye utafiti wa muda mrefu wa maradhi ya moyo, kasi ilipungua kwa asilimia 48. Kwa maneno mengine, kijana wa miaka 70 mwenye afya asitarajie muujiza. Mwenye presha, kisukari na masikio mazito asichelewe. Macho yaende kwenye foleni hiyohiyo. Mtoto wa jicho ukitolewa, mtu hurudi kusoma, kutembea na kutambua nyuso.

Usingizi na watu

Usingizi haulinganishwi na hayo mengine. Uko chini yake yote. Utafiti wa watumishi wa umma wa Uingereza uitwao Whitehall II, uliochapisha matokeo ya watu karibu 8,000 mwaka 2021, uliona kwamba waliolala saa sita au chini ya hapo tangu miaka ya hamsini mpaka sabini walikuwa na hatari ya demensia iliyozidi kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na waliolala saa saba. Si wa kura, na ni vigumu mno kuwagawa watu kwa kura wasilale miaka 20. Unachoweza kufanya leo ni kuchunguza mkoromo. Anayekoroma kwa nguvu, akakata pumzi na kushtuka, mchana akasinzia, ana tatizo linalotibika, na mara nyingi mwenziwe wa kitandani ndiye analijua kabla yake. Na dawa za mafua na mzio za aina ya zamani zinazoleta usingizi, zisigeuzwe vidonge vya kulalia kila usiku. Zinaziba kemikali ileile ambayo kumbukumbu huitegemea.

Kuhusu watu: upweke umo kwenye ile orodha, lakini ule utafiti wa Dallas unatukumbusha kwamba kukaa na watu bila jambo la kufanya pamoja hakukuinua kumbukumbu kama kujifunza. Kwaya inashinda kijiwe. Karata za wanne zinashinda karata za peke yako kwenye simu.

Yote yakiwekwa mezani

| Njia | Imejaribiwa kwa kura? | Faida hutoka nje ya zoezi? | Kinachowashinda watu |
|---|---|---|---|
| Mafumbo, michezo ya simu | Ndiyo | Kidogo | Ahadi kubwa kuliko kitu |
| Kujifunza fani mpya | Ndiyo, makundi madogo | Inaelekea ndiyo | Aibu ya kuanza |
| Kutembea na mazoezi ya nguvu | Ndiyo | Ndiyo, mwili mzima | Wiki ya tatu |
| Vidonge vya virutubisho | Ndiyo, vingi vimeshindwa | Hapana, isipokuwa penye upungufu | Hakuna, ndiyo maana vinauzwa |
| Kudhibiti presha | Ndiyo, jaribio kubwa | Ndiyo | Kuacha dawa ukijisikia mzima |
| Kifaa cha kusikia | Ndiyo | Ndiyo, kwa walio hatarini | Aibu, na droo |

Kuna swali ambalo jedwali haliwezi kujibu: je, uchague kimoja ukikazanie, au uchanganye? Finland walilijaribu. Utafiti wa FINGER, ulioongozwa na Miia Kivipelto, uliwachukua watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77 walio katika hatari, ukawapa nusu yao kifurushi cha mlo, mazoezi, mafunzo ya akili na uangalizi wa mishipa kwa miaka miwili. Matokeo ya mwaka 2015: kwa alama za jumla za vipimo vya akili, waliboreka kwa asilimia 25 zaidi ya waliopewa ushauri wa kawaida. Marekani walirudia kwa namna yao katika jaribio la U.S. POINTER, watu 2,111, na mwaka 2025 matokeo yakatoka. Kundi lililopangiwa ratiba, vikao na mtu wa kuwafuatilia lilifanya vizuri kuliko lililopewa elimu na kuachwa lijipangie, ingawa na hilo la pili liliboreka.

Nalichukulia hilo la POINTER kama jibu la swali langu la tatu. Makundi yote mawili yalihimizwa kuelekea mambo yanayofanana. Kilichotofautisha kwa sehemu kubwa ni kuwa na ratiba, na mtu anayekungoja Jumanne saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa wewe ni yupi?

Kama uko kwenye miaka ya 40 au 50, huna muda na kazi inakula siku nzima: presha, sukari na kolesteroli vipimwe mwaka huu, sigara izimwe, na dakika 30 za kutembea kwa kasi uzifiche ndani ya safari ambazo ungezifanya vilevile. Mafumbo yasubiri. Kazi yako, kama inakuumiza kichwa, imeshakufanyisha zoezi.

Kama umestaafu, hatari yako ni nyingine. Kazi iliyokuwa inakudai imeondoka, na pamoja nayo watu. Hapo ndipo darasa linapopita kila kitu, darasa lenye watu, lenye mtihani au onyesho mwishoni. Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, na masikio yapimwe hata kama unaona watu ndio wanaonong'ona siku hizi.

Kama unamuuguza mzazi mwenye demensia na unaogopa kuwa ni zamu yako, lala kwanza. Omba mtu akupokee zamu usiku mbili kwa wiki. Sonona na kukosa usingizi vinaweza kumfanya mtu wa miaka 50 asahau kama mgonjwa, na watunzaji wengi huyachanganya hayo mawili.

Na kama usahaulifu umeshapita kiasi, yaani si jina tu lililochelewa kuja bali unapotea njia unayoipita kila siku, unauliza swali lilelile mara nne kwa saa moja, unashindwa kuhesabu chenji, au wa nyumbani wanasema tabia imebadilika, basi hakuna cha kulinganisha katika haya yote. Nenda kwa daktari. Ataangalia B12, tezi ya shingo, presha, sukari, sonona, usikivu na dawa unazotumia, kwa sababu kadhaa kati ya hizo hutibika na akili ikarudi. Usiende peke yako; mchukue mtu unayeishi naye, maana utaulizwa mambo ambayo yeye ndiye anayeyakumbuka. Na beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile ulizojinunulia mwenyewe.